Kwa Mzee wa Mwavuli

Mdogo wangu ndiye aliyenitilia jani la isale kwenye mkoba. Nililikuta Voi, basi liliposimama watu wanywe chai, nikawa natafuta miwani. Jani moja refu, bado bichi, limefungwa fundo katikati na kubanwa ndani ya Biblia. Kwetu Machame mtu hachezei isale. Ukimkosea jirani au ukivunjiana heshima na baba yako mkubwa, unatuma mtu na jani hilo lililofungwa fundo, na anayelipokea hawezi kukufungia mlango. Atakusikiliza hata kama moyo bado unamchemka.

Nikampigia simu. "Jani la nini hili?"

"Si unakwenda kwa yule mzee wa mwavuli? Mwombe radhi. Mangi wetu alimpokonya mali yake, na sijasikia mtu aliyekwenda kumtaka msamaha."

Akacheka, nikacheka, mtandao ukakatika.

Mzee wa mwavuli ni jina tulilompa sisi wawili tangu utotoni. Ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa Gerlingen, aliyefika uchagani mwaka 1848 kwa miguu kutoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akiwa na mwavuli wake na bila bunduki. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, na kila mwaka nilisimama mbele ya darasa lenye dirisha linalotazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nikasoma kitabuni kwamba Rebmann aliugundua mlima huo tarehe 11 Mei 1848. Watoto waligeuka dirishani, wakautazama mlima, wakanigeukia tena. Hawakusema kitu, wana adabu. Nami niliahidi moyoni kwamba nikistaafu nitakwenda kuiona nyumba alikotoka mtu huyo.

Lakini hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine inanitoka kwa shida. Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike akiwa na miaka arobaini na mmoja, baada ya kungoja muda mrefu, na mtoto akaishi siku nne. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Kaburini nilipewa nafasi ya kuwafariji wafiwa, nikasema maneno ambayo nimeyasema kwenye misiba mingi: Mungu ana kusudi lake. Wiki tatu baadaye tulikuwa jikoni kwake, anamenya ndizi za mtori. Hakuinua macho. "Kaka," akasema, "hilo kusudi ulilionea wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

*

Mombasa inampokea mtu wa mlimani kwa jasho. Saa moja asubuhi shati limeshanata mgongoni. Nilikula mahamri na mbaazi za nazi kwa mama mmoja anayepika barazani kwake Mji wa Kale, na nikakiri kimoyomoyo kwamba kiamsha kinywa chetu cha chai na mkate kinatuaibisha. Alipojua natoka Moshi akaniuliza kama theluji ni kweli au ni mambo ya picha. Nikamwambia ni kweli, ila inapungua. "Haya basi," akasema, "nije niione kabla haijaisha," akaniongezea hamri moja.

Kisha nikavuka kwenda Mkomani, upande wa Nyali, ng'ambo ya bandari ya zamani. Pale kuna kaburi.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari mwenzake Rebmann, alifika pwani hii mwaka 1844, akapita Unguja kuchukua barua ya Sultani Sayyid Said, akatua Mombasa na mkewe Rosine. Mombasa yenyewe hakuwa ameiota. Alitoka Ethiopia, alikofukuzwa Shoa, na aliamini kwa moyo wote kwamba Mungu amemwita kwa Waoromo. Pwani ya Waswahili ilikuwa njia ya kuzunguka tu, mlango wa nyuma wa kuwafikia watu wake. Mwezi Juni, akisaidiwa na kadhi wa mji, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai Rosine akajifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye Rosine akafa kwa homa, mtoto naye akamfuata, na Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyo hiyo. Mtoto wao mwingine walikuwa wameshamzika Ethiopia.

Krapf aliandika kwamba Rosine aliomba azikwe upande wa bara, si kisiwani, karibu na njia, ili wapitao wakumbuke kilichowaleta. Kwa hiyo maiti ikavushwa maji. Leo kaburi limezungukwa na mji. Nilipofika, mwanamke mmoja alikuwa anafagia majani makavu taratibu, kana kwamba anafagia ua wa kwake, na mbuzi mdogo alikuwa amelala kivulini, kichwa amekilaza juu ya ukingo wa jiwe. Hakufukuzwa. Nilimwuliza mama yule kama watu huja. "Huja," akasema. "Wazungu hupiga picha. Wachungaji huomba kwa sauti. Wanawake huja peke yao, hukaa, halafu hwenda zao."

Nilikaa kama wanawake. Krapf aliwaandikia wakubwa wa misheni yake London kwamba sasa pwani ya Afrika Mashariki ina kaburi la mmisionari, na kwamba hiyo ni alama ya kazi iliyoanza, wao walete watu zaidi. Maneno hayo yamehubiriwa mara nyingi, nami nimeyahubiri. Pale kaburini yalinikaa vibaya kidogo. Simlaumu Krapf, maana mtu aliyezika mke na mtoto katika juma moja ana haki ya kushika neno lolote litakalomwezesha kusimama. Neno lile alilisema juu ya kaburi lake mwenyewe. Mimi nililisema juu ya kaburi la mwingine, nikiwa nimeshiba, nina miadi ya mchana.

Basi. Nikaondoka.

Njiani nilishuka Kengeleni. Makondakta wa matatu hulitaja jina hilo siku nzima, "Kengeleni, Kengeleni, shuka," na sijui wangapi hukumbuka kwamba kengele ipo kweli, imetundikwa pale pale njia panda. Ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa majahazini. Ikilia kwa wakati usiotarajiwa, watu walijua hatari imekuja. Nilipokuwepo ilikuwa kimya, chini yake kijana anauza miwani ya jua.

*

Rabai iko juu ya vilima. Unaiacha barabara kuu ya Nairobi pale Mazeras, malori yanabaki nyuma, na mara moja hewa inabadilika. Minazi inashuka bondeni na kupanda tena. Nilizoea kudhani kwamba kihamba ni uvumbuzi wetu Wachagga: nyumba katikati, migomba kuizunguka, kahawa chini ya migomba, makaburi ya wazee pembeni. Rabai nikakuta jambo lile lile kwa mnazi. Mnazi unamjua mwenyewe, mwenyewe anaujua mnazi, na ugomvi wa ndugu huanzia kwenye mpaka wa minazi kama kwetu unavyoanzia kwenye mpaka wa migomba.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu kama mimi. Tulipatana kwa simu kupitia rafiki. Aliniita "mwalimu mwenzangu" tangu salamu ya kwanza hadi ya kuagana, nami nikamwita mzee, kwa kuwa amenizidi na kwa kuwa hakuna jina lililomfaa zaidi. Kabla ya kunionyesha nyumba yoyote ya Mzungu alinipitisha ukingoni mwa msitu wa kaya na kusimama. Ndani hatukuingia. Kaya za Wamijikenda, za Rabai zikiwemo, zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Yeye hakuanza na UNESCO. "Hapa ndipo wazee walipokaa wakaamua kama wale wageni wakae au wasikae," akasema. "Wakasema wakae. Watu husahau hilo. Yafikiriwa Krapf alijikaribisha."

Ilikuwa Agosti 1846. Rebmann alikuwa amewasili miezi miwili tu kabla, kijana wa miaka ishirini na sita. Wote wawili walikuwa na homa siku waliyohamia Rabai, na walikuwa na punda mmoja, wakawa wanapokezana kumpanda. Mzee alipofika hapo katika kuhadithia alisimama katikati ya njia na kuigiza: huyu anashuka anayumba, yule anapanda anayumba. Watoto waliokuwa wanatoka shule wakasimama kutazama walimu wawili wazee wakicheka mpaka machozi.

Kanisa la Mtakatifu Paulo ni la 1887, na karibu nalo ni makumbusho yenye jina la Krapf, na zile nyumba mbili za zamani zinazoitwa kwa Krapf na kwa Rebmann. Sitazieleza sana. Nyumba ya Rebmann ni ndogo kuliko nilivyoijenga kichwani kwa miaka thelathini na mmoja. Niligusa ukuta, nikatazama mlangoni kuelekea magharibi. Kilimanjaro hauonekani kutoka hapo, wala hauwezi kuonekana. Kuna vilima, minazi, halafu anga.

"Krapf alifika," mzee akasema nyuma yangu. "Rebmann alikaa."

Nikamwomba arudie.

"Krapf alikuwa mtu wa ramani. Yuataka vituo vya misheni kutoka Mombasa mpaka bahari ile nyingine ya magharibi, kimoja baada ya kimoja, kama kamba. Akaondoka. Ugonjwa ulimwondoa, sikatai. Rebmann akakaa hapa miaka ishirini na tisa. Hata likizo kwao hakwenda. Wakazozana kwa hilo, wajua? Mmoja asema tusonge, mmoja asema tukae tujue watu."

Nilijua kwamba walizozana. Sikuwahi kufikiria kwamba katika ugomvi huo wa wito mtu anaweza kuwa upande wa aliyekaa. Vitabu vyetu vimeandikwa na wasafiri.

Kwa sababu ukihesabu kwa vidole, Rebmann alishindwa. Safari yake ya kwanza ilimpa theluji ya mlima, na mabingwa wa jiografia wa London wakamcheka. William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga pwani hii, aliandika kurasa kwa kurasa kuthibitisha kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Safari ya pili ilimfikisha kwetu Machame kwa Mangi Mamkinga, aliyempokea vizuri. Ya tatu, mwaka 1849, alikuja na mizigo ya kumpeleka mpaka Unyamwezi, na Mangi huyo huyo akaikamua mizigo, zawadi baada ya zawadi, hadi haikubaki ya kuendelea nayo safari. Akarudi Rabai mgonjwa, mikono mitupu. Hakwenda tena uchagani. Mwaka 1866 mkewe Emma akafa. Macho yakaanza kuzima. Wakati Bartle Frere anapita pwani mwaka 1873 kuchunguza biashara ya watumwa, alimkuta mzee anayeukaribia upofu, na waumini wachache mno wa kuonyesha kwa karibu miaka thelathini.

Na alikuwa anafanya nini miaka yote hiyo? Alikuwa anauliza maneno. Alikaa na Salimini, mtu aliyetolewa utumwani kutoka nchi ya Ziwa Nyasa, akaandika lugha yake neno kwa neno. Aliandika Kinyika, kama lugha ya hapa ilivyoitwa wakati huo, jina ambalo wenyewe hawalipendi kwa kuwa maana yake ni lugha ya watu wa porini. Wala sina haja ya kuwatakasa Krapf na Rebmann. Waliandika juu ya mila za Wamijikenda maneno ambayo mzee mwenyeji wangu huyasoma na kuyaruka, "kama mtu arukavyo kinyesi cha ng'ombe njiani," alivyoniambia. Lakini waliandika. Kamusi ya Rebmann ya Kinyasa ilitoka 1877. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka 1882. Rebmann alikufa 1876, Krapf akafa 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Hakuna aliyeishika kamusi yake mkononi.

Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe. Nilikuwa nimewahi kulisoma jina hilo na kulipita. Mzee hakunikubalia kulipita. Alinikalisha kwenye gogo la mnazi. "Mringe alikuwa kiwete," akasema. "Hakuweza kwenda popote. Wenye miguu walikuja kanisani mara moja, wakaona hakuna wanachopewa, wakaenda shambani. Mringe alibaki akisikiliza. Alibatizwa akiwa anakufa." Akanyamaza. "Na Mringe ndiye aliyemwambia Abe Gunja. Na mtoto wa Abe Gunja ndiye Isaac Nyondo. Na Nyondo ndiye aliyemshika mkono Rebmann kipofu mwaka 1875 akampeleka mpaka Ulaya."

Nikaona mdomo wangu unafunguka kusema: kumbe ndilo lilikuwa kusudi. Mambo yanapangika vizuri mno, mtu anashawishika. Nikaufunga. Nilimkumbuka mdogo wangu na kisu chake cha kumenyea ndizi.

Badala yake nikamwuliza mzee swali la mdogo wangu. Nilimwambia habari ya mtoto, siku nne, maneno yangu kaburini, swali la jikoni. Sikuwa nimekusudia. Alisikiliza akichora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Mimi nimezika wawili," akasema baadaye. "Mmoja wa miaka ishirini na sita. Waja hapa, wanambia Mungu yuajua. Hilo nalikubali. Kujua kwake si kujua kwangu. Akitokea mtu anambia na yeye ajua, huyo simwitikii amina."

*

Lazima niseme kitu kuhusu wito, kwa kuwa ndiyo habari ya nyumbani kwangu. Nilipokuwa na miaka mitatu nilipona surua iliyoua wengi mtaani, na bibi yangu akaniwekea nadhiri: huyu ni mchungaji. Nikakua na neno hilo kama mtoto anayekua na koti kubwa. Nilipita mbele ya watu wa usaili wa chuo cha theolojia mara mbili, na mara mbili nikarudishwa. Mara ya pili mmoja wao aliniuliza kama nina hakika nimeitwa mimi au ameitwa bibi yangu. Wenzake walicheka. Nilikwenda ualimu kwa hasira.

Watu wamenifariji kwa miaka mingi: Mungu alitaka uwe mwalimu, tazama wanafunzi wako. Faraja hiyo niliimeza bila kutafuna, kwa sababu ilikuwa tamu. Rabai ndipo nilipogundua kwamba niliiamini kwa urahisi kwa kuwa matokeo yalinipendeza. Ningekuwa mwalimu mbovu, mlevi, aliyefukuzwa kazi, wangesema nini? Kama kumtumaini Mungu ni kusubiri hadi hadithi ipate mwisho mzuri ndipo tuseme "alikuwa na mpango", basi huo si utumaini. Ni kumbukumbu iliyopigwa pasi. Rebmann gizani, akimwuliza Salimini neno la "mvua" ni lipi kwao, hakuwa na mwisho wowote mzuri wa kutazama. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Yeye alikuwa kaburini miaka kumi na saba. Hakuna aliyemwambia.

Hata hivyo asubuhi aliamka. Hilo ndilo linalonishinda kulieleza, na ndilo nililosafiri kuliona bila kujua.

Jioni mzee alinipeleka kwa jirani yake, mgema. Alikuwa juu ya mnazi tulipofika. Tuliona nyayo tu, zimekanyaga vikato vilivyochongwa shinani kama ngazi. Alishuka na kibuyu kiunoni na kisu chenye makali membamba kuliko wembe. Akatueleza kazi: kila siku asubuhi na jioni unapanda, unakata ncha ya kole kidogo tu, unene wa karatasi, unafunga, unashuka. Ukikata sana unauua. Ukiacha siku mbili, panajifunga, mnazi unakunyima. Minazi yake ni kumi na minne. Mara mbili kwa siku.

"Na Jumapili?"

"Mnazi haujui Jumapili," akasema. "Napanda saa kumi na moja alfajiri, ndipo naja kuimba." Kumbe yumo kwaya, sauti ya nne.

Nikataka kujua kanisa linasemaje juu ya tembo, kwa maana kwetu mbege, pombe ya ndizi, imegawanya wazee wa kanisa kuliko jambo lolote. Kuna usharika unaokunywa hadharani na kusali, kuna unaokunywa sirini na kusali. Mgema alimtazama mzee, mzee akatazama minazi. "Kuna wachungaji wa aina mbili," mzee akasema, "wanaoonja na wanaouliza bei." Nilipewa kikombe. Kilikuwa kitamu, chepesi, kina uchachu wa mbali. Nilikunywa nusu kwa heshima na nusu kwa sababu nyingine.

Chakula cha usiku kilikuwa sima, samaki wa nazi, na mchunga, mboga chungu ambayo mke wa mzee alinitazama sana usoni nilipoionja. Nilimwambia kwetu tuna mnafu, ni binamu yake. "Basi hukupotea," akasema, akanipakulia tena.

*

Jani la isale nilikaa nalo siku mbili bila kujua pa kuliweka. Rebmann hayupo Rabai, alizikwa Korntal. Nilifikiri kuliacha dirishani kwenye nyumba yake, nikaona aibu, nikaogopa mfagiaji atalitupa. Mwisho, Jumapili baada ya ibada, nikamweleza mzee habari yote: isale ni nini, Mangi Mamkinga alifanya nini, na kwamba mdogo wangu amenituma.

Hakucheka, jambo ambalo sikulitarajia. Alilipokea kwa mikono miwili. Akauliza, "Kwenu anayepokea hujibu nini?"

"Hasemi kitu siku hiyo. Analipokea, kisha mnakaa."

"Basi tumekaa," akasema. Jani lilikuwa limeshaanza kukauka ncha. Akalitia kwenye kitabu chake cha nyimbo.

Kisha mkewe akatoka nyuma ya nyumba amebeba nazi iliyochipua, ncha ya kijani imetokeza kama shubiri moja na nusu, mizizi miwili myeupe imepenya makumbi. "Mpelekee huyo dadako," akasema. Nikamweleza kwa upole wa mwalimu wa jiografia kwamba Machame iko juu mno, mnazi unataka joto, hautaishi. Kwetu ni baridi. Na hapo nikakumbuka kwamba Rebmann alipomwuliza kiongozi wa msafara kile cheupe juu ya mlima ni nini, jibu alilopata lilikuwa neno hilo hilo: baridi.

Mama alikuwa bado amenyoosha mikono. "Nimekuuliza utaishi?" akasema. "Nimesema umpelekee."

Niliusafirisha mche huo mapajani, kupitia Voi, Bura, Taveta, nchi ile ile aliyoikata yule kijana na mwavuli wake. Upande wa Maktau vumbi jekundu liliingia madirishani, na abiria mwenzangu akaniuliza kama nazi hiyo ni ya dawa. Mpakani hakuna aliyeniuliza, nami sikujitolea kueleza. Mlima ulikuwa umejifunika.

Mdogo wangu aliupokea mche bila maneno mengi. Nilimweleza habari ya Mkomani, yule mama anayefagia, wanawake wanaokuja peke yao. Nilimwambia alichosema mzee juu ya amina. Halafu nikamwambia kwamba lile kusudi sikuwa nimeliona popote, na kwamba nilikosea kusema. Alinitazama kwa muda. "Haya," akasema. "Chai iko jikoni."

Ameupanda pembeni mwa kaburi la mtoto, ndani ya duara la misale. Nilimkumbusha habari ya mwinuko, nikataja na mita. Hakunijibu. Majani mawili ya kwanza yamepauka kingo, na tangu Juni ilipoingia na ukungu wake, kila magharibi anatoka na mkono mzima wa majani makavu ya mgomba, anayapanga kuuzunguka moja moja, na asubuhi jua likitoka anakwenda kuyaondoa.